UFUGAJI BORA: Damu ya Fahali na Uzito wa Ndama

Katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, kama Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho, wamo makarani na mafundi wengi ambao kazi yao iko mjini lakini ng'ombe wao wako nyumbani. Kila mwisho wa mwezi hutenga fedha kidogo, na zikitosha humpelekea ndugu ili anunue fahali. Jambo hili ni jema. Lakini yampasa mwenye kutuma fedha ajue anachokinunua, kwa sababu fahali mmoja huzaa ndama wengi, na kosa la siku moja mnadani huonekana bomani kwa miaka mingi.

Watu wengi humchagua fahali kwa macho. Wakimwona amenenepa, nundu imesimama na ngozi inang'aa, husema, "Huyu ndiye." Hawaulizi amelelewaje. Yafaa ifahamike kwamba ukubwa wa mnyama hutokana na mambo mawili: damu aliyorithi kwa wazazi wake, na malezi aliyoyapata, yaani malisho, maji, chumvi na dawa ya kupe. Malezi hayarithiwi. Fahali aliyenoneshwa kwa pumba hawezi kumrithisha ndama wake pumba hizo. Atamrithisha damu tu.

Hiyo tunayoiita damu, wataalamu huiita jeni. Ndani ya chembe za mwili wa ng'ombe mna jozi 30 za nyuzi ndogo mno, na jeni zimepangwa katika nyuzi hizo. Ndama hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, wala si lazima apokee nusu ile ile aliyoipokea ndugu yake. Ndiyo sababu ndama wa baba mmoja na mama mmoja huweza kutofautiana sana.

Je, iko jeni moja ya ukubwa? Mwaka 1997 wataalamu waligundua kwamba ng'ombe wa Ubelgiji waitwao Belgian Blue wana minofu mingi kupita kiasi kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isizidi. Lakini faida hiyo ina gharama yake, maana mara nyingi mama hupasuliwa ndipo azae. Tena hali kama hiyo si ya kawaida. Mwaka 2018 uchunguzi wa ng'ombe zaidi ya 58,000 ulionyesha sehemu 163 za urithi zinazohusika na kimo, na zote pamoja zilieleza sehemu ndogo tu ya tofauti zao. Basi jeni za ukubwa ni nyingi, na kila moja huchangia kidogo. Jicho haliwezi kuzihesabu, bali mizani huonyesha jumla yake.

Natufanye hesabu. Fahali wa mwaka mmoja amewazidi wenzake kwa kilo 30, nao wamezaliwa msimu mmoja na kulishwa pamoja. Tuseme thuluthi ya tofauti hiyo ni ya damu, yaani kilo 10. Kila ndama atapata nusu, yaani kilo 5 kwa wastani. Ndama 20 watakuwa wameongeza kilo 100 bila gharama ya malisho bora. Lakini kama fahali huyo aliwazidi wenzake kwa kuwa yeye peke yake alilishwa pumba, mnunuzi huenda asipate kitu.

Kwa njia hii ya kuchagua kizazi baada ya kizazi ndivyo alivyokuzwa Boran wa Kenya, ambaye asili yake ni ng'ombe wa Waborana. Wafugaji wake waliunda chama chao mwaka 1951. Ng'ombe huyu hukua vizuri, naye hustahimili jua na ukame. Jambo hilo lisisahauliwe, kwa maana ng'ombe mkubwa wa kigeni hula sana, na kiangazi kikali chaweza kummaliza.

Basi, kabla ya kutuma fedha, mwagize ndugu yako aulize mambo matatu: umri wa fahali, uzito wake pamoja na uzito wa wenziwe waliolelewa naye, na hali ya ndama wake ikiwa ameshazaa. Pasipo mizani, utepe wa kupimia kifua hutosha kwa kukadiria. Asiyeweza kununua fahali aweza kutumia mbegu za mafahali waliochaguliwa kutoka kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946. Mwisho, fahali abadilishwe kabla binti zake hawajafikia kupandwa, kwani ndama wa damu moja hudumaa.

Karani huandika kila senti ya ofisi katika daftari. Na aandike vilevile kilo za ndama wake.