Hadubini za stoo zinahitaji volti 6 tu

Nimefanya kazi ya maabara mkoani Morogoro hadi nikastaafu, na karibu kila nilikopita nilikuta hadubini stooni, imefunikwa plastiki na kubandikwa karatasi: MBOVU. Ukiikagua, lenzi ni safi, meza yake inateleza vizuri, skrubu za kulengea hazijalegea. Kilichokufa ni transfoma iliyo ndani ya kitako, ile inayoshusha umeme wa ukutani kutoka volti 230 hadi volti chache za taa. Nyingine zililetwa kama msaada kutoka Marekani, zimeundwa kwa volti 120. Zikachomekwa ukutani bila mtu kusoma kibandiko, zikaungua.

Nasema wazi kwamba hadubini hizo si mbovu, na kuziacha stooni ni kuwanyima wagonjwa na wanafunzi haki yao.

Kipimo cha haraka cha malaria kinakwambia vimelea vipo au havipo, hakivihesabu. Mgonjwa aliyelazwa na malaria kali anahitaji kujulikana kama vimelea vinapungua baada ya dawa, na hilo linataka slaidi iliyopakwa Giemsa, lenzi ya 100 na tone la mafuta. Lenzi hiyo inadai mwanga mwingi. Ukitegemea kioo na dirisha siku ya mawingu, chembe nyeupe utaziona, lakini ile pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu itakupita. Shuleni nako, mtoto anayesoma biolojia anaishia kuchora seli ya kitunguu kutoka ubaoni ilhali hadubini iko chumba cha pili.

Tiba yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Chomoa balbu, usome maandishi yake. Hadubini nyingi za miaka ya 1980 zina balbu ya halojeni ya volti 6, wati 20. Gawanya 20 kwa 6, unapata ampea 3.3. Hicho ndicho taa inachohitaji, na balbu ya uzi haichagui chanya wala hasi.

Chaja ya laptopu ya mtumba hutoa volti 19 na wati 65 hivi, zaidi ya mara tatu ya mahitaji ya taa. Kati ya chaja na balbu unaweka kibao cha kushushia volti, ambacho maduka ya vifaa vya elektroniki Kariakoo yanauza. Usikubali kibao cha ampea 3, kitachemka na kufa. Chukua cha ampea 5. Fundi anageuza skrubu ndogo ya kibao huku akisoma mita, anaanzia chini na kupanda polepole, kwa sababu uzi wa balbu ukiwa baridi hufyonza umeme mwingi kwa mkupuo. Mimi hupendelea kuishia volti 5.5. Mwanga unapungua kidogo na kuelekea njano, ambayo kichujio cha buluu hurekebisha, na balbu inadumu zaidi. Palipo na sola, kibao hicho hicho kinakula betri ya volti 12, na kazi haisimami umeme ukikatika. Gharama yote haifiki sehemu ya kumi ya bei ya hadubini mpya ya maabara.

Wapo wakuu wa vituo wanaohofia usalama, na hofu yao ina msingi. Ndiyo maana nasisitiza chaja nzima isiyochubuka, fyuzi kwenye waya wa kutokea, na upande wa volti 230 usifunguliwe kabisa. Umeme unaoingia kwenye hadubini uwe ule mdogo tu. Transfoma ya zamani itengwe, nyaya zake zikatwe, na kitako kibandikwe maandishi yanayosema volti ngapi zinaingia, ili anayekuja baadaye asiichomeke ukutani.

Halmashauri zina mafundi na vyuo vya ufundi vina wanafunzi wanaotafuta kazi za mikono. Kinachokosekana ni ruhusa. Mkuu wa maabara anaogopa kugusa mali ya serikali, fundi anasubiri barua, na barua haiandikwi, kwa kuwa kuagiza hadubini mpya kunaonekana kuwa njia salama zaidi hata pale ambapo fedha hazipo.

Kwa hiyo fomu ya kufuta hadubini kwenye leja iongezewe maswali matatu. Je, lenzi ni nzima? Balbu imeandikwa volti na wati ngapi? Ni nani aliyejaribu kuiwasha kwa chanzo kingine cha umeme, na lini? Jibu la tatu likiwa tupu, mkuu asitie saini.