Kurekodi kipindi cha intaneti: mpaka uko wapi?

Kutoka Bunia hadi Uvira, televisheni sasa inaingia nyumbani kwa njia ya simu. Ibada ya Jumapili, mpira wa Ulaya, filamu, tamasha la kwaya: vyote vinapita kwenye intaneti. Lakini mega ni ghali, na umeme unakatika bila taarifa. Ndiyo maana wengi wetu tunarekodi kipindi ili tukitazame baadaye. Vijana wanauliza, na hata wachungaji: je, huo ni wizi?

Kwa maoni yetu, jibu linategemea mambo matatu: kipindi kimepatikana wapi, kimerekodiwa kwa njia gani, na kisha kinapelekwa wapi.

Swali hili lilifika mahakamani huko Marekani zamani, kabla ya intaneti kuingia nyumbani. Mwaka 1976, kampuni za filamu Universal na Walt Disney zilishitaki Sony kwa sababu ya Betamax, mashine iliyowezesha watu kurekodi televisheni nyumbani. Tarehe 17 Januari 1984, Mahakama Kuu iliamua kwa sauti 5 dhidi ya 4 kwamba mtu anayerekodi kipindi cha televisheni ya bure ili akitazame nyumbani saa nyingine havunji sheria. Kati ya ushahidi ambao majaji walitaja ulikuwemo wa Fred Rogers, mchungaji wa Kipresbiteri aliyeongoza kipindi maarufu cha watoto. Yeye mwenyewe, mwenye kazi, alieleza kwamba ni jambo jema familia zikirekodi kipindi chake na kukitazama saa inayowafaa.

Hata hivyo, uamuzi huo ulihusu matangazo yaliyopita hewani bure. Mambo ya intaneti yana tofauti mbili kubwa.

Ya kwanza ni mapatano. Ukitumia YouTube umekubali masharti yake, nayo hayaruhusu kupakua video ila pale kampuni yenyewe ilipoweka kitufe cha kupakua au ilipotoa ruhusa. Netflix inaruhusu kuhifadhi filamu nyingi ndani ya programu yake, lakini muda ukiisha haifunguki tena. Ya pili ni kufuli. Filamu nyingi za kulipia zimefungwa kidijitali, na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli hiyo. Kusema tu kwamba ni kwa matumizi yako binafsi hakutoshi kukutetea.

Ulaya nako, nchi kama Ufaransa na Ubelgiji zinaruhusu nakala ya matumizi binafsi. Lakini mwaka 2014 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema ruhusa hiyo haihusu nakala iliyotoka kwenye chanzo haramu. Mwaka 2017, katika kesi iliyotoka Italia, iliongeza kwamba kampuni inayorekodi televisheni kwa niaba ya wateja kwenye intaneti inahitaji ruhusa ya wenye kazi.

Na kwetu Kongo? Tuna Amri-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi. Iliandikwa wakati wa Zaire, wakati wa kaseti, lakini msingi wake ni wazi: kazi ni ya mtunzi. Tena nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne. Mkataba huo unaacha kila nchi iruhusu nakala katika hali fulani maalumu, mradi nakala isiharibu soko la kawaida la kazi hiyo, wala isiumize pasipo sababu masilahi halali ya mtunzi.

Kipimo hicho cha Berne kinatusaidia kuona mambo ya kila siku. Mama anayerekodi ibada iliyorushwa wazi, aitazame usiku na watoto wake, hamnyang'anyi mtu chakula. Mwenye ukumbi anayerekodi mechi ya kulipia na kutoza franka mlangoni anauza mali isiyo yake. Kijana anayejaza filamu kwenye flashi za wateja naye ni hivyo hivyo. Hata kanisa likionyesha filamu ukumbini bila kutoza kitu, hayo si matumizi ya nyumbani tena. Nia njema ya uinjilisti haiondoi haja ya kuomba ruhusa.

Jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Kwaya zetu zinachanga dola kwa miezi mingi ili kulipa studio. Wimbo ukitoka, nakala zinauzwa sokoni na waimbaji hawapati hata franka moja. Hatuwezi kulalamika juu ya hilo huku kwenye ukumbi wa kanisa tunafanyia wengine vilevile. Mtume Paulo alimkumbusha Timotheo kwamba mfanyakazi anastahili ujira wake, na mtunzi ni mfanyakazi.

Tunapendekeza hatua moja nyepesi. Kila kanisa na kila kwaya inayorusha ibada au nyimbo iandike chini ya video mambo mawili: kama watu wanaruhusiwa kurekodi na kugawa, na kama kuuza kunakatazwa. Mama anayengoja umeme urudi atarekodi kwa amani, na muuzaji wa flashi hataweza kusema hakujua.