Sifa za Agosti, lawama za Novemba: kambi za maandalizi hupima nini hasa?

KABLA ya klabu kongwe za Dar es Salaam kuzoea kupanda ndege kwenda Uturuki, Misri na Afrika Kusini kujiandaa na msimu mpya, mji wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa vituo vyao vya karibu. Simba ilipiga kambi chini ya Milima ya Uluguru mwaka 2016, nayo Yanga ikafanya hivyo mwaka 2018 na 2019. Kila kambi ilipoanza, maswali ya mashabiki, kuanzia Mazimbu hadi Msamvu, yalikuwa yale yale: timu imefunga mangapi, na je, mwaka huu ubingwa ni wetu?

Maswali hayo yanaonekana mepesi, lakini majibu yake yamekuwa yakiamua mambo mazito. Kwa majibu hayo viongozi hufunga au kufungua milango ya usajili, mashabiki hununua jezi na wengine kuweka fedha zao katika michezo ya kubahatisha. Kwa majibu hayo hayo makocha hubebwa juu mwezi Agosti, na wengine hujikuta wakifungasha virago mwezi Novemba.

Mfano wa kwanza ni wa Morogoro yenyewe. Julai 2019 Yanga, iliyokuwa chini ya kocha Mwinyi Zahera, ilicheza na timu za vijana na za madaraja ya chini za mkoani humo na kuzifunga mabao mengi. Wanajangwani wakaamini kwamba safu ya ushambuliaji imepatikana. Agosti 4, katika kilele cha Wiki ya Mwananchi, timu hiyo ilitoka sare ya 1-1 na Kariobangi Sharks ya Kenya. Ikafuata sare nyingine ya 1-1 nyumbani dhidi ya Township Rollers ya Botswana katika Ligi ya Mabingwa Afrika, kisha ushindi wa 1-0 ugenini. Agosti 28, katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, Yanga ikalala 1-0 mbele ya Ruvu Shooting. Mvua ya mabao ya Morogoro ilikuwa imekatika. Mwanzoni mwa Novemba, Zahera aliondolewa.

Je, timu hiyo ilibadilika ghafla kati ya Julai na Agosti? La hasha. Kilichobadilika ni kipimo.

Somo hili wanalifahamu vyema watu wa mbio za magari ya langalanga, ambao kila mwanzo wa mwaka hufanya majaribio ya pamoja kabla ya mbio za kwanza. Magari huingia uwanjani, saa husoma muda, na jioni orodha hutolewa kuonesha nani amekimbia zaidi. Mtazamaji wa kawaida huisoma orodha hiyo kama msimamo wa ligi. Wahandisi huisoma kwa mashaka, kwa sababu haisemi kila gari lilibeba nini.

Jambo la kwanza linalofichwa ni mafuta. Wahandisi hukadiria kwamba kila kilo 10 za mafuta hupunguza kasi ya gari kwa takriban sekunde 0.3 katika mzunguko mmoja. Kanuni za mwaka 2019 ziliruhusu kutumia hadi kilo 110 kwa mbio moja. Kwa hiyo, gari lenye tangi lililojaa na gari hilo hilo likiwa na mafuta kidogo linaweza kutofautiana kwa sekunde tatu, pengo kubwa kuliko linalotenganisha timu ya kwanza na ya mwisho katika siku nyingi za mbio. Yapo pia matairi, ambayo laini hukimbia zaidi lakini huisha mapema. Ipo nguvu ya injini, inayoweza kupunguzwa kwa makusudi, na yapo madhumuni ya siku yenyewe, kwani timu moja huwa inapima breki na nyingine inatafuta picha nzuri ya kuwaonesha wadhamini.

Mwaka 2019 mjini Barcelona, Sebastian Vettel wa Ferrari alimaliza majaribio akiwa wa kwanza, akimtangulia Lewis Hamilton wa Mercedes kwa sekunde 0.003 tu. Wengi walitangaza kwamba zamu ya Ferrari imewadia. Wiki chache baadaye, katika mbio za kwanza huko Melbourne, Mercedes ilishika nafasi ya kwanza na ya pili, huku Vettel akifika wa nne, nyuma ya mshindi kwa karibu dakika nzima. Mercedes iliendelea kushika nafasi hizo mbili katika mbio zote tano za mwanzo. Wahenga hawakukosea waliposema kutangulia si kufika.

Hata hivyo, ni kosa vilevile kudhani kwamba majaribio hayasemi lolote. Mwaka 2001 timu ya Prost ya Ufaransa iling'ara katika majaribio ya majira ya baridi, kisha ikamaliza msimu na pointi nne tu na kufilisika mwanzoni mwa 2002. Kwa sababu ya kumbukumbu hiyo, timu changa ya Brawn ilipoonesha kasi ya ajabu Machi 2009, wapo waliodai kwamba nayo inatafuta wadhamini kwa gari jepesi. Safari hii wenye mashaka ndio walioumbuka. Jenson Button alishinda mbio sita kati ya saba za mwanzo na kutwaa ubingwa wa dunia. Tofauti ni kwamba kasi ya Brawn haikuonekana katika mzunguko mmoja pekee. Ilijirudia katika mizunguko mingi mfululizo, wakati mafuta yakipungua na matairi yakichoka.

Hapo ndipo Mazimbu inapoingia. Katika eneo hilo, ambako chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliendesha chuo chake hadi kilipokikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992, leo ipo Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwanafunzi yeyote wa sayansi huelezwa mapema kwamba huwezi kusema mbegu hii ni bora kuliko ile iwapo moja ilipandwa kwenye udongo wenye rutuba na nyingine kwenye changarawe. Kwanza lazima mazingira yalinganishwe, na jaribio lirudiwe. Kanuni hiyo ya shamba la majaribio ndiyo inayokosekana katika hesabu za kambi za soka.

Katika soka, tangi la mafuta ni miguu. Timu iliyo katika wiki ya mazoezi mazito ya nguvu hucheza ikiwa imechoka, na huenda inakutana na iliyomaliza hatua hiyo. Matairi ni kikosi, kwa maana mechi za kirafiki huruhusu wachezaji wengi kubadilishwa, na mabao manne ya kipindi cha pili yanaweza kuwa yamefungwa dhidi ya wachezaji wa akiba. Na yapo madhumuni, kwani mwenye sherehe huwa na hamu ya kuwafurahisha waalikwa wake kuliko kujipima. Mcheza kwao hutunzwa.

Ni nadra soka kutoa jaribio lililorudiwa kwa mpinzani yule yule, lakini Simba ililipata mwaka 2023. Agosti 6, katika Simba Day, Wekundu wa Msimbazi waliifunga Power Dynamos ya Zambia 2-0 mbele ya umati uliojaa furaha. Kabla ya miezi miwili kupita, timu hizo zilikutana tena katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Safari hii matokeo yalikuwa sare ya 2-2 Zambia na sare ya 1-1 Dar es Salaam, na Simba ikavuka kwa faida ya mabao ya ugenini. Mpinzani alikuwa yule yule, lakini uzito wa mechi ulikuwa tofauti.

Katikati ya matukio hayo, Agosti 13, Simba ilitwaa Ngao ya Jamii mjini Tanga kwa kuitoa Yanga kwa penalti baada ya sare tasa. Shangwe zikapanda. Novemba 5 Yanga ikaifunga Simba 5-1, na siku mbili baadaye kocha Roberto Oliveira 'Robertinho' akaondoka. Yanga ikatwaa ubingwa, Simba ikamaliza ya tatu.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Yanga. Julai 2024 iliichapa Kaizer Chiefs 4-0 huko Afrika Kusini. Ni wachache waliosisitiza kwamba Chiefs ilikuwa ndiyo kwanza inamzoea kocha mpya, Nasreddine Nabi, aliyewahi kuifundisha Yanga yenyewe. Mwanzo wa ligi ulikuwa mzuri, lakini vipigo viwili mfululizo mwanzoni mwa Novemba, kutoka kwa Azam na Tabora United, vilitosha kumwondoa Miguel Gamondi katikati ya mwezi huo. Yanga bado ilikuwa bingwa Juni 2025, baada ya kupita mikononi mwa makocha watatu.

Zahera, Robertinho, Gamondi: wote watatu waliondoka Novemba. Haiwezekani kudai kwamba mechi za kirafiki ndizo zilizowafukuza, kwani kila mmoja alikuwa na vipigo vyake vya kweli. Lakini matarajio yaliyojengwa kwa vipimo vyepesi huporomoka kwa kishindo kikubwa, na katika kishindo hicho uvumilivu huwa wa kwanza kufa.

Anayetaka kuijua kasi ya kweli ya timu yake hana budi kuacha kuhesabu mabao peke yake na kuuliza mengine. Mpinzani alikuwa nani, na alikuwa katika wiki ya ngapi ya mazoezi? Kikosi kinachotarajiwa kuanza ligi kilicheza pamoja dakika ngapi? Timu ilipopoteza mpira, ilijipanga upya kwa haraka kiasi gani? Je, kile kilichoonekana katika mechi ya kwanza kilijirudia katika ya tatu na ya nne, miguu ilipokuwa mizito? Na wangapi walitoka kambini wakiwa wazima?

Kwa klabu kubwa, kukosea majibu hayo ni gharama inayoweza kufidiwa na kocha mwingine na usajili wa dirisha dogo. Kwa Mtibwa Sugar ya Morogoro, bingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000, iliyoshuka daraja mwaka 2024 na kurejea Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26, hesabu ni nyingine. Timu ya aina hiyo ikidanganywa na mabao ya kambini, huenda ikaugundua ukweli wakati dirisha la usajili limeshafungwa na pointi za kujinusuru zimeshapotea.