Cheo ni dhamana, hata ndani ya Kanisa



Bila shaka umewahi kusikia onyo kwamba madaraka yana tabia ya kumharibu anayeyashika. Tunapenda kulitumia tunapowasema wanasiasa. Lakini je, unajua kwamba aliyeliandika alikuwa Mkatoliki, na kwamba siku alipoliandika alikuwa akizungumzia mapapa pamoja na wafalme?

Mtu huyo ni Lord Acton, mwanahistoria Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1834. Alipotaka kusoma Cambridge alikataliwa kwa sababu ya Ukatoliki wake. Akaenda Munich, Ujerumani, akafundishwa na padre mwanahistoria Ignaz von Döllinger. Mwaka 1895 chuo kilekile kilichomkataa kilimpa kiti cha uprofesa wa historia.

Mwaka 1887 aliandikiana barua na Mandell Creighton, padre wa Kanisa la Anglikana aliyekuwa ameandika historia ya mapapa. Creighton aliona kwamba wakuu wa zamani wahukumiwe kwa upole, kulingana na nyakati zao. Acton alikataa. Kwake, aliyekaa juu apimwe kwa mizani ileile ya mtu wa kawaida, tena kwa ukali zaidi, maana kosa lake huumiza wengi. Cheo hakimtakasi mwenye cheo. Tazama ajabu hiyo: Mwanglikana anawahurumia mapapa, Mkatoliki anawadai hesabu!

Labda utauliza, je, huko si kulidharau Kanisa? Fungua Biblia yako. Kitabu cha pili cha Samweli hakifichi kwamba Daudi alimchukua mke wa Uria na kumuua mumewe. Nabii Nathani hakusema, “Huyu ni mpakwa mafuta, tunyamaze.” Injili nazo hazikuficha kwamba Petro alimkana Bwana. Neno la Mungu haliogopi ukweli, basi kwa nini sisi tuuogope? Tarehe 12 Machi 2000, Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha hadharani kwa dhambi za wana wa Kanisa, zikiwemo za kutumia mabavu kwa jina la kutetea ukweli. Kanisa halikuanguka siku ile.

Acton alijaribiwa pia. Wakati wa Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1869 hadi 1870, alikuwa Roma akiwaunga mkono maaskofu waliopinga kutangazwa kwa fundisho la Papa kutokosea. Mtaguso ulilipitisha. Mwalimu wake Döllinger hakulikubali, akatengwa na Kanisa mwaka 1871. Acton alibaki, akisema kwamba ushirika na Kanisa ulikuwa na thamani kwake kuliko uhai wake. Hapa tuelewane: fundisho hilo, ambalo mimi naliungama, linamhusu Papa anapotamka rasmi jambo la imani na maadili kwa Kanisa zima. Halisemi kwamba Papa hawezi kutenda dhambi. Papa naye huenda kuungama.

Mwaka 1877, katika mihadhara yake juu ya historia ya uhuru, Acton alirudi kwenye jibu la Yesu kuhusu Kaisari. Aliona kwamba Bwana alimpa mtawala heshima, lakini pia alimwekea mpaka. Liko eneo ambalo Kaisari haingii, nalo ni dhamiri ya mtu mbele ya Mungu wake. Kwa hiyo uhuru kwake haukuwa ruhusa ya kujifanyia upendavyo. Ulikuwa nafasi ya kutimiza wajibu wako bila kuzuiwa.

Naye hakuwa malaika. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani aliutakia ushindi upande wa Kusini, uliokuwa ukishikilia utumwa, kwa kuwa aliogopa mno nguvu ya serikali kuu. Mtetezi wa uhuru hakumwona vizuri mtumwa. Tumpime naye kwa mizani yake mwenyewe.

Sasa nigeukie nyumbani. Sisi mapadre huzoea haraka kupishwa njia na kupewa kiti cha mbele. Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja wa jumuiya aliniuliza kwa adabu: “Baba, taarifa ya michango ya ujenzi itasomwa lini?” Nilikasirika. Sikuwa nimekula hata senti, lakini nilijiuliza usiku ule: mbona swali la haki limeniuma? Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mimi siulizwi. Jumapili iliyofuata taarifa ilisomwa.

Nawe je? Labda wewe ni mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo, mweka hazina wa kwaya, au baba mwenye nyumba. Mke wako anaweza kukuuliza bila hofu? Wanakwaya wanaweza? Na wewe usiye na cheo, usiache kuuliza, ila uliza kama Nathani, kwa upendo na uso kwa uso, si kwa umbea nyuma ya kanisa.

Bwana aliwaambia mitume kwamba anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi, kisha akawaosha miguu. Jumapili hii tumwombe atupe moyo wa kuulizika.

Nawatakia Dominika njema.