Usiniambie Nitakuta Waifai Huko Huko

Kila anayefunga begi kwenda nje husindikizwa na maneno haya: usijisumbue na mambo ya intaneti, kule kwa wenzetu waifai iko kila kona, wewe fungua laptopu tu. Anayeyasema huyasema kwa upendo, na mara nyingi ni mtu aliyewahi kusafiri mwenyewe. Nimeyasikia kwa shemeji yangu, kwa wakala wa tiketi, kwa mhadhiri aliyenifundisha chuoni. Nasema kwamba maneno haya si kweli, na kwamba yanawagharimu watu wetu fedha, nafasi za masomo, mizigo ya biashara, na mara nyingine siku za mgonjwa kitandani.

Nilipompeleka mama mkubwa Chennai, India, kwa upasuaji wa moyo, mimi mwenyewe niliyaamini. Laptopu yangu ilikuwa na kila kitu: makadirio ya gharama, barua za bima, picha za vipimo vyote alivyofanyiwa Dar es Salaam. Bima ilitaka fomu moja isainiwe na daktari na irudishwe kabla ya saa kumi jioni saa za nyumbani, ambayo Chennai ni saa kumi na mbili na nusu. Daktari akasaini mchana. Waifai ya hospitali ilikuwepo, na alama yake kwenye kioo imejaa. Nikajiunga, ukurasa ukaja: weka namba ya simu, utatumiwa tarakimu za kuingilia. Nikaweka yangu ya +255. Haikukubali. Kisanduku kile kilijua namba za India tu, zenye tarakimu kumi.

Nikaenda mapokezi. Dada wa pale alinisikiliza kwa huruma, lakini hakuwa na ruhusa ya kunifungulia. Nikatoka hadi duka la laini. Wakataka pasipoti, nakala ya viza, picha, na anwani ya mahali nilipofikia. Niliwapa vyote, laini nikapewa, ila ilianza kufanya kazi kesho yake. Fomu ikachelewa, upasuaji ukasogezwa siku tatu. Siku hizo tatu mama mkubwa alikuwa akiamka usiku kuniuliza kama nyumbani wamekataa kumlipia. Sijazisahau.

Mtandao Chennai haukuwa haba. Ulinizunguka pande zote. Hapo ndipo imani yetu inapokosea: inachanganya mtandao kuwepo na mtu kuingia. Waifai ya wazi kabisa, isiyokuuliza wewe ni nani, ni adimu katika nchi nyingi, na sababu haina uhusiano na utajiri wala umaskini. Serikali zinataka kujua nani yuko nyuma ya kila kifaa. Sisi wenyewe tunafanya hivyo. Tanzania tunasajili laini kwa alama za vidole tangu 2019. Kwa nini tudhani wengine wametuachia mlango wazi?

Tazama Ulaya, ambako ndiko watu wengi hufikiri waifai inamwagika kama maji ya bomba. Italia ilitunga sheria mwaka 2005, baada ya mabomu ya London, iliyowalazimisha wenye mikahawa ya intaneti kuchukua nakala ya kitambulisho cha mteja kabla ya kumpa huduma. Masharti hayo yalikuja kulegezwa mwishoni mwa 2010. Ujerumani, mahakama yao ya juu iliamua mwaka huohuo wa 2010 kwamba mwenye waifai anaweza kubanwa ikiwa mtu mwingine ameitumia kuvunja hakimiliki. Mwenye mgahawa wa Berlin alikuwa na kila sababu ya kuufunga mtandao wake kwa neno la siri, na wengi walifunga. Sheria ilibadilishwa 2017. Lakini mwaka huo huo, kuanzia Julai mosi, laini ya kulipia kabla nayo ikawa haiuzwi Ujerumani bila kitambulisho kuthibitishwa. Mwanafunzi wetu anayeshuka Frankfurt saa tano usiku akiwa na laptopu na matumaini, anaingia katika nchi yenye historia hiyo.

Kisha kuna mlango wa pili, ambao ni wa kwetu wenyewe. Umefanikiwa kuingia mtandaoni, unafungua barua pepe, na Google inashangaa: huyu jana alikuwa Mwanza, leo yuko Toronto? Inatuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba yako ya Tanzania. Na laini hiyo umeitoa kwenye simu ili kuweka ya kule, iko kwenye bahasha, au iko nyumbani kwenye kabati. Benki nayo hivyo hivyo. Laini ya nyumbani haitakiwi kutoka kwenye simu. Iache, washa romingi, zima data. Kwa mitandao mingi kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje hakutozwi, na ujumbe huo mmoja unaweza kuwa ndio tofauti kati ya kufungua akaunti yako na kufungiwa nje. Bora zaidi, kabla ya kuondoka weka kwenye simu programu ya kuzalisha tarakimu, ambayo inafanya kazi hata bila mtandao wowote, na chapisha zile tarakimu za akiba ambazo Google hukupa, uziweke pamoja na pasipoti.

Mahali ambapo imani hii inaumiza kuliko kote nilikokujua ni Guangzhou, China. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo na Gikomba wanaujua mtaa wa Xiaobei kama wanavyoujua mtaa wao. Wanakwenda na laptopu zenye oda, ankara, orodha za mizigo, na karibu zote zimo Gmail au kwenye WhatsApp. China ilifunga Facebook 2009, ikamalizia kufunga Gmail mwishoni mwa 2014, na WhatsApp ikafuata 2017. Mtu anafika hotelini, waifai ina kasi kubwa ajabu, na hakuna hata kimoja cha kwake kinachofunguka. Anadhani laptopu imeharibika. Anaipeleka kwa fundi!

Hapa kuna jambo ambalo kila mfanyabiashara angepaswa kuambiwa kabla hajalipa nauli. Ukiwa China na laini ya Tanzania au Kenya kwenye romingi, data yako kwa kawaida haiingii intaneti pale China. Inabebwa kama maji ndani ya bomba hadi kwenye mitambo ya kampuni yako nyumbani, na huko ndiko inakotokea. Kwa hiyo WhatsApp inafunguka, Gmail inafunguka. Itakuwa ya polepole, maana kila neno linakwenda Dar es Salaam na kurudi, na itakuwa ghali ukikosa kununua bando la romingi mapema. Lakini ndiyo njia iliyonyooka. Yule anayejiona mjanja, akatupa laini yake na kununua ya kichina ili kupunguza gharama, amejifungia mwenyewe. Wanaotegemea VPN, programu ya kupitisha mtandao wako kwa njia iliyofichwa, wajue mambo mawili: tovuti nyingi za kuipakua hazifunguki ukiwa kule, na isiyoidhinishwa ni kinyume cha sheria yao.

Dubai nayo ina lake. Uwanja wa ndege una waifai ya bure, maandishi ya WhatsApp yanapita, lakini simu ya sauti ya WhatsApp haipiti. Dada zetu wanaokwenda kufanya kazi kule huligundua hilo usiku wa kwanza, wakitaka kusikia sauti ya mama.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba nalalamika kwa sababu tunatoka nchi zilizo nyuma na hatujazoea mambo ya wenzetu. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu historia inasema kinyume. Septemba 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha Kenya, Uganda na Tanzania ikawa mtandao mmoja: mtu wa Kampala alipiga simu akiwa Arusha kama yuko kwao, bila ada ya kuvuka mpaka. Umoja wa Ulaya ulifuta ada za romingi kwa wateja wake Juni 15, 2017, karibu miaka 11 baadaye. Na ulifuta kwa laini za kwao. Yako ya Vodacom au Safaricom haimo. Ukinunua laini Paris itakupeleka Brussels na Berlin kwa bando lile lile, lakini Uswisi haimo kwenye mpango huo. Wajumbe wetu wanaokwenda mikutano ya Geneva na kulala upande wa Ufaransa kwa ajili ya bei ya vyumba huvuka mpaka huo kila asubuhi, na salio linayeyuka bila wao kujua kwa nini.

Sisi hununua bando kwa simu, kwa M-Pesa, dakika mbili, hata kijijini. Mtu aliyezoea hivyo akifika nchi inayotaka kadi ya benki, anwani ya makazi na siku moja ya kusubiri, hajafika mbele. Amefika penye utaratibu mwingine, na alipaswa kuambiwa.

Lipo jambo la vyuo vikuu ambalo siwezi kulipita. Kuna mtandao unaoitwa eduroam, ulioanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambao leo uko katika nchi zaidi ya 100. Mwanafunzi au mhadhiri wa chuo kilichojiunga akifika chuo kingine kilichojiunga, laptopu inaingia yenyewe kwa jina na neno la siri la chuo chake cha nyumbani. Haombi ruhusa mapokezi, wala haulizwi namba ya simu. Kenya uko kupitia KENET, Uganda kupitia RENU. Nimekutana na watafiti wa Afrika Mashariki wakiwa wamekaa sakafuni kwenye korido za vyuo vya ng'ambo wakitumia bando la mwisho kwenye simu, ilhali juu ya vichwa vyao mtandao huo unapita na wana haki nao. Hakuna aliyewaambia. Na kwa kuwa laptopu ni vizuri iwekewe mipangilio hiyo ukiwa bado na intaneti, kwenye chuo chako, ukiisikia habari hii ukiwa tayari Amsterdam umekwisha chelewa kidogo.

Laptopu yenyewe nayo ina ukaidi wake, na wanaosema "fungua tu" hawajawahi kukaa nayo. Ule ukurasa wa kuingilia hutokea kwa sababu mtandao unaikamata safari yako ya kwanza na kuigeuza kuelekea kwenye lango. Tovuti za siku hizi zimefichwa kwa kufuli, haziruhusu kugeuzwa, kwa hiyo unaona kosa tu na unadhani hakuna mtandao. Fungua neverssl.com, tovuti iliyotengenezwa makusudi bila kufuli, na lango litajitokeza. Kama bado, zima VPN mpaka uingie kwanza, na kama fundi wako aliwahi kukuwekea DNS ya kudumu (anwani ambako laptopu huulizia tovuti zilipo), ile ya 8.8.8.8, iondoe. Tazama na saa: laptopu yenye tarehe isiyo sahihi hukataa karibu kila tovuti. Wengi wetu tunanunua laptopu zilizotumika Marekani, na baadhi ya hizo hazizioni chaneli ya 12 na ya 13 za waifai, ambazo Ulaya zinatumika na Marekani kwa kawaida hazitumiki. Simu inauona mtandao, laptopu haiuoni, na mtu anahisi anaonewa.

Wataniambia siku hizi kuna eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomeka, nunua, washa, unganisha laptopu kwa hotspoti, yamekwisha. Nakubali kwamba ni njia nzuri, na ndiyo ninayoitumia. Lakini inataka simu inayoikubali, na simu nyingi mikononi mwa watu wetu haziikubali. Inataka mtandao ili kuiwasha, yaani uwe umeiweka kabla ya kuruka. Inataka kadi inayolipa nje. Na nyingi ni za data tu, hazina namba, kwa hiyo lango la hospitali litakukataa kama lilivyonikataa mimi. Ukishaipata, unganisha kwa waya wa USB badala ya waifai ya simu, simu itapata na chaji. Kisha iambie Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, la sivyo masasisho yatakula bando zima usiku ukiwa umelala.

Barua ya rufaa ya mgonjwa anayekwenda India huambatana na karatasi ya maelekezo. Niliyopewa mimi ilitaja nguo za joto, nakala za pasipoti, chanjo, na dola. Haikuwa na neno moja kuhusu namba ya simu. Ningetaka mstari huo uongezwe, na uongezwe kwenye barua za ufadhili wa masomo na kwenye madawati ya mawakala wa Guangzhou, na uandikwe na mtu aliyewahi kukwama.

Mama mkubwa ana miadi ya marejeo mwezi wa tatu. Jumapili iliyopita tulikaa naye mezani na simu yake mpya, tukaweka eSIM ya India na kumwonyesha pa kuiwashia, tukahakikisha romingi ya laini yake ya zamani imekubali. Fomu zote za bima nimeziweka kwenye flashi na kuzichapisha mara mbili. Ndugu yetu anayeishi Chennai ameshatupa ruhusa kutumia namba yake kwenye lango la hospitali. Mama mkubwa ameiandika kwa kalamu ndani ya jalada la pasipoti, kwa herufi kubwa, kisha akaniuliza kama tarakimu zimetimia kumi. Zimetimia.