Wakija na Mkataba wa Kaboni, Msikimbilie Kalamu



Ukikaa Kwale, Tana River, Lamu ama Isiolo, iko siku watakuja wageni na karatasi. Watawaambia mikoko yenu, msitu wenu au malisho yenu yanafyonza hewa ya kaboni, na kwamba kuna makampuni ng'ambo yako tayari kulipia. Kisha wazee wataombwa watie sahihi.

Hebu tuelewe kwanza kinachouzwa. Kampuni kubwa imeahidi wateja wake kwamba itapunguza madhara ya moshi wake. Sehemu ya moshi haipunguzi, inanunua krediti. Krediti moja ni tani moja ya hewa hiyo iliyofyonzwa au kuzuiwa mahali pengine, yaani kwako. Kwa hivyo hamuuzi mti. Mnauza ahadi kwamba ardhi ile itatumika hivi na si vile, pengine kwa miaka 30. Mtoto anayezaliwa leo ataoa na kuzaa, na ahadi bado inamfunga.

Sisemi biashara hii yote ni wizi. Pale Gazi na Makongeni, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko, na pesa za kaboni zimeleta maji na kusaidia shule. Mradi ni mdogo, na wenyeji wamo kwenye uamuzi wa pesa zitumike wapi.

Lakini tazama kaskazini. Mradi wa kaboni ya udongo umekuta karibu hekta milioni 2 za wafugaji, na Meta na Netflix wametajwa miongoni mwa wanunuzi. Kule Isiolo, Waborana wana dedha, utaratibu wao wa malisho unaosimamiwa na wazee tangu jadi. Wenyeji walienda kortini, wakisema hifadhi ziliwekwa kwenye ardhi yao bila kushirikishwa. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikakubaliana nao: hifadhi mbili, moja wapo Biliqo Bulesa iliyo ndani ya mradi huo, zilianzishwa kinyume cha sheria. Haki ilipatikana, ndiyo, lakini baada ya miaka na krediti zimeshauzwa.

Sheria iko upande wako ukiijua. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba na mwekezaji haufai kitu mpaka upitishwe na thuluthi mbili ya watu wazima, kwenye mkutano ulioitishwa kwa jambo hilo. Si chifu peke yake, si wazee watatu hotelini. Na marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya ardhi.

Basi wakija, waulize haya mbele ya watu wote. Ardhi yetu imesajiliwa kwa jina la nani? Mkataba ni wa miaka mingapi, na tukitaka kutoka tunatokaje? Hiyo asilimia 40 ni ya nini, kabla ya gharama au baada, na nani anahesabu hizo gharama? Mama anayeokota kuni na kijana mwenye mbuzi watakatazwa wapi? Nakala ya Kiswahili iko wapi?

Dini yetu imekataza kuuziana kitu kisichojulikana, na Suratul Baqara imetuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi. Kama tahadhari hiyo ni kwa deni la watu wawili, itakuwaje kwa ardhi ya kijiji kizima?

Maimamu, mkataba ukifika, usomwe kwa sauti baada ya swala ya Ijumaa, na majirani wasio Waislamu pamoja na akina mama waitwe baraza siku hiyo hiyo. Tafuteni wakili kabla ya kutia sahihi. Mwekezaji mwenye nia njema atangoja. Asiyeweza kungoja, mwacheni aende zake.