Jua Halishiki Panga

Saa saba mchana, pantoni ya kutoka Mwanza kwenda Kamanga. Katikati ya bodaboda na magunia, mama kamfunika mwanawe kwa kitenge hadi machoni. Upepo ukakifunua. Mtoto wa miaka kama sita, mwenye ualbino: mdomo wa chini umepasuka, masikio yana magamba, shingo imebabuka hata kola ya shati ikimgusa anakunja uso.

"Namficha jua, baba, siyo watu," mama akaniwahi.

Nikaona haya. Mimi ni mmoja wa wanaopaza sauti kila mtoto kama huyu anapouawa Kanda ya Ziwa. Tunalaani waganga, tunavaa fulana kila Juni 13, siku ya ualbino. Tusiache. Lakini huyu muuaji wa kila siku mbona hatumtaji? Ngozi isiyo na rangi ya kuikinga, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, na ziwa nalo linaurudisha mwanga usoni! Inaungua, inapona, inaungua tena, mpaka siku kidonda kinagoma kupona na daktari anatamka saratani.

Msiniambie ndivyo alivyozaliwa. Alizaliwa na ualbino, hakuzaliwa na vidonda. Anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Si mafuta ya nazi wala ya mgando, hayo yanalainisha tu. Na losheni yenyewe haihitaji meli: Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanatengeneza Kilimanjaro Sunscreen mahsusi kwa ngozi hizi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likaiweka kinga ya jua kwenye orodha ya dawa muhimu. Mwaka huohuo tukazindua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa hilihili, kwa zaidi ya shilingi bilioni 700. Nalisifu. Ila serikali iliyosimika nguzo zile ziwani isije kuniambia kopo la losheni, bure, kila mwezi, kila zahanati, ni mzigo.

Nanyi walimu mnaomvua mtoto kofia mstarini eti si sare: mnamnyang'anya dawa.

Tuliposhuka Kamanga, mama aliingia duka la dawa. Akatoka na kikopo cha mafuta ya mgando, akampaka mwanawe masikioni, palepale juani.